Mkwe Mwenye Nyundo

Mume wangu Mutunga alipewa kazi ya kulinda daraja la reli, na mtu aliyekuwa akikaza bolti za daraja hilo kila asubuhi alikuwa mkwe wetu. Mmoja juu na nyundo, mwingine chini kichakani na upinde. Watu wa Mtito Andei walicheka mpaka mbavu zikauma. Mimi sikucheka. Binti yangu Ndinda alikuwa katikati ya hao wawili, na watoto wake wakiwa wamemshika nguo.

Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka wa 1977, wakati Jumuiya ilipokuwa inavunjika.

Vijana wa siku hizi hawajui Jumuiya ile ilikuwa kitu gani. Miaka kumi kabla, serikali tatu zilikuwa zimetia sahihi, Kenya, Uganda na Tanzania, ambayo wazee wetu waliendelea kuiita Tanganyika. Reli ikawa ya wote, posta ya wote, ndege za wote. Tukaambiwa polepole tutakuwa na jeshi moja na rais mmoja. Mutunga alifurahi kuliko mtu yeyote nimjuaye, maana yeye alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita vya Bama, na huko alilala hema moja na Mpare, Mnandi na Mwacholi.

"Sisi tulikuwa Jumuiya kabla yao," alipenda kusema. "Wao wametia sahihi tu."

Ndiyo sababu Mshana alipokuja mwaka huohuo kumtaka Ndinda, Mutunga hakusumbua. Mshana alikuwa kijana Mpare kutoka Same, mnyapara wa genge la reli, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Sauti yake naijua vizuri kuliko uso wake, kwa sababu kwetu Ukambani mama mkwe na mkwe hawatazamani. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Akija huku, mimi naingia jikoni.

Mbuzi watatu wa ntheo alileta kwa treni kutoka kwao, kupitia Taveta na Voi, kila mmoja na kibandiko shingoni kama sanduku. Asiyejua mila yetu asiulize kwa nini mbuzi. Kwetu mwanamke hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo wafike, achinjwe mmoja, na nyama iliwe na wazee wa pande mbili, wa mume huku na wa mke huku. Nyama isipoliwa, hata mwanamke azae watoto kumi, watoto hao ni wa baba yake msichana. Hiyo si sheria ya kuandikwa. Lakini mwambie Mkamba si kweli, uone.

Sasa wazee wa Mshana hawakuja na wale mbuzi. Baba yake alikuwa anaumwa na miguu. Mutunga akasema, "Si neno. Hao mbuzi wakae kwanza zizini. Tumekuwa nchi moja, baba yako atapanda treni siku yoyote."

Hilo ndilo kosa tulilofanya. Kwa kijana wa Kibwezi au wa Kitui mjini, Mutunga hangekubali kungoja hata wiki. Kwa mtu wa mbali alingoja, kwa sababu Jumuiya ilimwambia mbali kumekuwa karibu. Mwaka ukapita, mzee wa Same akasema mvua. Mwaka wa pili mavuno. Halafu miguu tena. Halafu akafa. Ntheo ikabaki zizini inazaa. Ndinda naye akazaa, kwanza Mulei, kisha Mbinya, na hakuna mtu aliyewaza tena habari ya nyama.

Mpaka maneno yalipoanza kuwa mabaya.

Uganda ilianza kwa kudai kipande cha nchi yetu. Halafu sisi na Tanzania tukaanza kutukanana kwenye redio: wao wakatuita manyang'au, na sisi tukawa na majina yetu kwao. Chifu mdogo akaita wazee waliokuwa askari akawaambia madaraja ya reli yanataka macho. Mutunga akatoa koti lake la Keya sandukuni, likiwa na harufu ya dawa ya nondo, akapaka mishale sumu, akaenda kukaa kwenye kichaka cha mswaki chini ya daraja.

Jioni alikuwa akirudi na habari.

"Leo amegonga reli sana upande wa Mombasa. Upande wa Nairobi amegonga kidogo tu. Kwa nini?"

"Labda upande wa Mombasa ndio umelegea," nikasema.

"Hivyo ndivyo anavyotaka ufikiri."

Siku nyingine: "Ananiamkia shikamoo kutoka juu. Mtu anaona umemshikia upinde, anasema shikamoo, baba. Hiyo si kawaida."

"Ni adabu ya kwao, Mutunga. Hata kuku anaweza kumwambia samahani."

"Adabu nyingi ni ya mtu anayetaka kitu."

Nikamuuliza, "Si ulikuwa unasema ninyi wa Keya mlikuwa ndugu?"

Akafikiri. Yeye si mtu wa kujibu upesi. "Na Ethiopia," akasema, "serikali yetu iliandikiana: mmoja akipigwa, mwingine anakuja. Hayo ni maneno ya wanaume. Na Tanganyika tuliandikiana nini? Treni na barua. Ukipigwa, barua itakusaidia nini?"

Ikaja amri kwamba reli inagawanywa. Kila nchi ichukue mabehewa yake na watu wake. Watanzania wengine waliondoka mapema, lakini Mshana aliambiwa angoje kidogo mpaka apatikane mtu wa kushika genge lake. Hapo watu wakaanza kunong'ona. Kwa nini yeye amebaki? Tanzania ilipofunga mpaka, minong'ono ikawa maneno ya wazi. Wanaume wawili wenye viatu visafi wakaja kwenye nyumba za reli, wakamuuliza Mshana kwa nini anajua saa za kila treni. Akawaambia asipojua saa za treni atakanyagwa. Wakamuuliza tena, kama vile hajajibu.

Ndinda akanijia mbio, Mbinya mgongoni.

"Mwaitu, mama yangu, ni Baba amewaita?"

"Sijui, mwanangu."

"Muulize. Mimi siwezi. Nikimuuliza nitasema neno ambalo halirudi."

Nilimngoja Mutunga amalize kula muthokoi, maana mtu mwenye njaa ni bure kumuuliza kitu. Nikamuuliza.

"Niliulizwa nimeona nini," akasema. "Nikasema nimeona mtu mwenye nyundo."

"Hukusema ni mkwe wako?"

"Hawakuniuliza."

Tangu siku hiyo Mshana alimkataza Ndinda kuwaacha watoto kwetu. Aliogopa Mutunga atawaficha. Nilikasirika sana kwa hilo, nikasema huyu Mpare ametuona kuwa watu gani. Halafu jirani aliyetoka Kitui akaniambia shemeji yangu wa Matinyani anasafisha kibanda cha nyuma, ati wajukuu wanakuja kukaa. Mshana alikuwa amepatia.

Basi hali ilikuwa hiyo. Mutunga akimchunga Mshana, Mshana akimchunga Mutunga, na mimi nikiwachunga wote wawili kutoka jikoni. Ndinda hakuwa na shaka yoyote kuhusu anachotaka. Alitaka kwenda na mume wake, na watoto wake wote wawili, basi. Barua ya kumruhusu Mshana arudi kwao ilikuwa imetoka: Jumamosi lori litawapeleka Taveta, mpaka utafunguliwa kidogo kwa watu wanaorudi kwao, kisha ufungwe. Atakayebaki amebaki.

Alhamisi Mshana akaomba wazee wakae. Akasema anataka kumaliza ntheo.

Mzee Ndululu wa ukoo wetu akaja na kiti chake cha miguu mitatu. Mbuzi akachinjwa, mjukuu wa wale walioletwa kwa treni, nyama ikatandikwa juu ya majani. Mimi na Ndinda tulikuwa jikoni, lakini ukuta wa jikoni yangu ni wa fito, na kila mtu anajua mama wa nyumba anasikia.

Ndululu akasema, "Wazee wa upande wa mke ni hawa. Wa upande wa mume, wako wapi?"

"Hawa hapa, baba," akasema Mshana.

Nikachungulia. Alikuwa ameleta genge lake. Walikuwa wameoga, wamevaa mashati safi, wamekaa kwenye taruma la zamani la reli ambalo tulilitumia kama benchi. Walikuwepo Mgiriama mmoja, Wajaluo wawili, na Okello, Mganda wa kubadilisha njia za treni, mtu mwenye mdomo.

"Huu ndio ukoo wako?" Ndululu akauliza.

"Ndio nilionao huku. Wamenizikia ndugu, wamenijengea nyumba. Nimekosa wengine."

"Ukoo wenye lugha nne!" akasema mzee mmoja wa kwetu, na watu wakacheka kidogo. Hata Okello akacheka.

"Wazee, msituogope," Okello akasema. "Nyama tunajua kula katika lugha zote."

Mutunga hakucheka. Alikuwa amevaa lile koti, jua likiwaka. Akasema, "Mimi nina swali moja. Wanaokula ntheo ni wale watakaokuja siku ikiharibika. Siyo? Ndinda akipigwa huko, akinyimwa chakula, akifukuzwa na watoto usiku, nani anakuja? Wewe Mganda, utakuja?"

Okello akakuna shingo. "Mzee, ukweli? Mimi nikifika kwetu sasa, hata mimi mwenyewe sina wa kunijia."

"Na wewe Mgiriama?"

"Mpaka umefungwa, mzee. Nitapitia wapi?"

"Sasa," Mutunga akasema, "hawa wamekuja kula tu."

Mshana akasema taratibu, "Baba, mimi simpigi Ndinda. Sijawahi."

"Sikukuuliza wewe. Simba haulizwi habari ya mbuzi."

Okello ndiye aliyeharibu, au aliyetengeneza, mpaka leo sijui. Akasema, "Mzee Mutunga, umelala chini ya hilo daraja miezi mingapi? Treni ngapi zimepita juu ya kichwa chako? Kila moja imepita juu ya bolti alizokaza huyu. Ungekuwa humwamini kweli, si ungekaa mbali kidogo?"

Vijana wakacheka kwa sauti. Hapo Mutunga akafunga mdomo kama mlango. Mtu mzima huwezi kumshinda kwa kumcheka mbele ya wageni. Ndululu aliona hivyo, akajaribu kuponya.

"Hebu tufanye kama serikali," akasema. "Reli imegawanywa, mabehewa haya huku, mengine kule. Mvulana aende na baba yake. Msichana abaki na babu. Kila mtu apate."

Wazee wakaitikia. Lilionekana neno zuri. Hata Mutunga aliinua kichwa.

Ndinda akatoka jikoni nisiweze kumshika. Mwanamke haingii katika baraza ya ntheo yake mwenyewe, lakini aliingia, akasimama karibu na nyama.

"Mulei si behewa," akasema. "Mbinya si behewa. Na kama mimi sijaolewa, kama mnavyosema, basi hakuna mume hapa wa kugawana na mtu. Kuna mimi. Jumamosi napanda lori nikiwa na wawili, na anayetaka kumshusha mmoja aje amshushe mwenyewe mikononi mwangu."

Akarudi jikoni. Nikampa maji.

Nje wale wa genge walichukua nyama kidogo kwa adabu, wakala. Wazee wetu wakamtazama Mutunga. Kipande chake kilikuwa mbele yake juu ya jani. Hakukigusa. Mafuta yakaganda, nzi wakaja, watu wakaaga mmojammoja. Ntheo ikawa imeliwa upande mmoja. Jambo kama hilo halijawahi kuonekana kwetu, na hakuna aliyejua linaitwaje.

Jumamosi asubuhi lori likaja kwenye nyumba za reli. Vitanda vikapandishwa, sufuria, kuku katika tenga, na sanduku la vyombo vya kazi la Mshana. Wanawake walikuwa wakilia na Ndinda. Nilikuwa nimesimama nyuma ya tangi la maji kwa sababu Mshana alikuwa karibu. Ndipo nikamwona Mutunga anakuja na koti lake, bila upinde, anapanda nyuma ya lori kama abiria.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza kwa sauti.

"Taveta."

"Kufanya nini?"

"Sitanyang'anyana na mwanamke mbele ya watu. Kule kuna askari na kuna meza. Nitasema watoto si wake, ntheo haikuliwa. Watarudi na mimi."

Alisema hivyo mbele ya Ndinda, wala hakuficha. Ndinda akamtazama, kisha akamvuta Mulei karibu zaidi. Mimi nikaingia mbele kwa dereva kabla mtu hajanikataza, nikamchukua Mbinya mapajani.

Ukitoka Mtito Andei mpaka Voi ni vumbi jekundu na mbuga, halafu unapinda kwenda Mwatate na Maktau, na mlima wa Kilimanjaro unajitokeza mbele. Njia nzima nilikuwa nasikiliza nyuma. Nilidhani nitasikia ugomvi. Sikusikia hata neno. Ndinda aliniambia baadaye, dereva aliposimama kutia maji, kwamba baba yake alikaa juu ya gunia la pojo akimtazama Mshana, na Mshana akitazama barabara. Mulei ndiye aliyeuliza, "Babu, unatusindikiza?" Na Mutunga akajibu, "Ninalinda." Hakusema analinda nini.

Nilimwambia Ndinda, "Mwanangu, akisema maneno yake pale, utafanya nini?"

"Nitasema yangu."

"Na wakimwamini yeye?"

Akatazama chini. "Mwaitu, usiniulize hivyo. Nikikujibu nitashindwa kusimama."

Taveta palikuwa na kizuizi cha mti upande wetu. Ukivuka unatembea kidogo mpaka kizuizi chao, na hapo palikuwa na meza chini ya kibanda cha mabati. Askari wetu walitupitisha upesi tu, kwao ilikuwa kazi ya kupunguza watu. Mutunga alitaka kusema nao. Wakamwambia, "Mzee, anayeingia kule anaulizwa kule." Akawaambia yeye ni mlinzi wa daraja la reli, nao wakamruhusu afuate mizigo. Mimi nikafuata nimebeba kuku. Mtu mwenye kuku haulizwi.

Kwenye meza alikaa ofisa kijana, shati la mikono mifupi, kalamu sikioni. Nilisimama nyuma ya vitanda, nikawa naona mgongo wa Mshana tu.

"Ndugu, umefanya kazi Kenya miaka mingi," ofisa akasema. "Wenzako wamerudi zamani. Wewe waliendelea kukupa mshahara. Kwa nini?"

"Walikuwa wanamtafuta mtu wa kushika genge, ndugu ofisa."

"Nchi nzima wamekosa mtu wa kukaza bolti?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Uliambiwa." Ofisa akaita askari, sanduku likafunguliwa. Zikatoka spana, utepe wa kupimia, na ile nyundo. Ofisa akaiinua nyundo akaitazama pande zote kama samaki asiyemjua. "Reli yetu ya Tanga inapita karibu na kwenu Same. Una mke wa Kenya. Umebakizwa na manyang'au mpaka siku ya mwisho. Na unarudi na vyombo vya reli. Wewe ungekuwa mimi, ungefikiri nini?"

Mshana akasema, "Ndugu, mimi ni mtu wa reli tu."

"Wote wanasema ni watu wa kitu fulani tu. Nani amekutuma?"

Nikaona mgongo wa Mshana umeinama. Miezi yote ile alikuwa amenyooka, hata walipokuja wale wenye viatu visafi. Pale kwao ndipo alipoinama. Akasema kitu sikukisikia. Ofisa akasema, "Kaa pale pembeni, mambo yako yataangaliwa Moshi." Na askari akamshika mkono juu ya kiwiko.

Mutunga alikuwa nyuma yake kwenye foleni, maneno yake ya watoto yakiwa tayari mdomoni. Nilimwona anatazama ule mkono wa askari. Akauliza, kwa Kiswahili chake kigumu cha Keya:

"Wewe kijana. Unasema huyu ni mpelelezi?"

"Mzee, subiri zamu yako."

"Nauliza. Mpelelezi wa Kenya? Huyu?"

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mlinzi wa daraja analotengeneza huyu."

Ofisa akatabasamu. "Aha. Umetumwa kumtetea."

"Nilitumwa kumshika," Mutunga akasema. Watu wa kwenye foleni wakageuka. "Nimekaa kichakani mvua na jua, na mshale wenye sumu. Najua anakula nini mchana. Najua anaanza kugonga reli ipi. Akienda haja najua ameelekea wapi. Kama kuna mtu duniani anayetaka huyu awe mpelelezi, ni mimi. Nimetafuta. Nimetafuta mpaka macho yakauma. Sikupata kitu. Sasa wewe umemwona leo tu na umepata?"

"Mzee, hizi ni kazi za usalama."

"Na mimi nilikuwa nafanya nini? Kuchunga kuku?"

Mtu mmoja akacheka nyuma. Ofisa hakucheka, lakini aliitoa kalamu sikioni. Akamtazama Mutunga na koti lake lililopauka, na vifungo vya shaba.

"Ni nini chako huyu mtu, hata umfuate mpaka hapa?"

Mutunga alikawia. Nilijua anakawia kwa nini. Kwa desturi, hakuwa na neno la kumwita. Nyama yake ilikuwa imeliwa na nzi.

"Ameoa kwangu," akasema.

Ofisa akamwashiria askari, na askari akauachia mkono wa Mshana. Sikuamini kwamba amekubali. Nadhani alichoka tu, foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Akavuta karatasi.

"Watoto hawa wamezaliwa Kenya. Naandika ni wa nani?"

Ndinda alikuwa amewashika wote wawili, mmoja kila mkono. Mbinya alianza kulia kwa sababu alibanwa. Mshana aligeuka nusu, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake, nami sikuondoa macho yangu. Hakuwa anamtazama ofisa. Alikuwa anamtazama Mutunga, kama mtu anayetazama treni inayokuja na hajui itasimama au haitasimama.

Mutunga akamuuliza ofisa, "Nikisema ni wangu?"

"Baba yao akikubali, wanarudi na wewe."

"Asipokubali?"

"Basi wote wanakaa hapa mpaka wakubwa waamue."

"Nikisema ni wake?"

"Wanapita."

"Na siku nikitaka kuwaona?"

"Mpaka umefungwa, mzee."

"Hilo nimeliona. Nimeuliza siku nikitaka kuwaona."

Kijana yule akaweka kalamu chini. Akasema, "Sijui."

Mutunga akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipwa. "Miezi yote hii kila mtu ananiambia anajua," akasema. Akainama, akamtengenezea Mulei kola ya shati, ambayo haikuwa imeharibika. Akakaa hivyo kidogo, mkono kolani. Halafu akanyooka.

"Andika Mshana," akasema. "Wote wawili. Andika vizuri, nisikie ukilisoma."

Ofisa akaandika, akasoma. Mutunga akamwambia asome tena. Akasoma tena.

Ndinda hakumkumbatia baba yake, kwetu si desturi. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akaja akanishika na mimi, akachukua kuku. Mshana akafunga sanduku lake. Alipofika mbele ya Mutunga alitaka kuinama, na Mutunga akasema, "Nenda, nenda, foleni." Wakavuka ule mti wa pili. Mulei akageuka mara nyingi, Mbinya hakugeuka, alikuwa amemwona ng'ombe.

Tulirudi na lori lilelile likiwa tupu. Mutunga alikaa mbele na mimi na dereva, magoti yakigongana. Tulipita Maktau, tukapita Mwatate, amefumba macho. Nilidhani amelala. Karibu na Voi akafungua macho.

"Yule wa kalamu," akasema, "umeona vile alivyoniangalia? Ule si uangaliaji wa mtu mzuri. Simwamini hata kidogo."

"Na watoto wamebaki upande wake sasa," nikasema, maana nilikuwa na uchungu.

Akageukia dirisha, akavuta koti kifuani.

"Mshana yuko pale," akasema.